Sura ya Saba Haifunguki

Kabla hamjaanza, naomba mniwekee kando ule ushauri wa kurudi kwenye vitabu vya karatasi. Nilikuwa navyo, kabati zima. Mchwa walianzia kwenye kamusi kwa kuwa ndiyo iliyokaa rafu ya chini, wakapanda taratibu bila kuruka kitabu, na siku nilipovuta riwaya moja niisome kwa mara ya pili, nilibaki na jalada mkononi na udongo miguuni. Halafu kuna suala la macho. Nimefika umri ambao kusoma maelezo ya kwenye chupa ya dawa ni kazi ya watu wawili, mmoja wa kusoma na mmoja wa kumbishia. Kwenye kompyuta nakuza herufi mpaka neno "marehemu" linakula nusu ya mstari, na hakuna wa kuniuliza.

Kwa hiyo karatasi hapana. Nilihamia kwenye kompyuta kwa hiari yangu, na nitailalamikia kwa hiari yangu.

Ugomvi wangu ni na programu ya kusomea vitabu. Jina lake nalihifadhi, maana wenye nayo wana mawakili na mimi nina pangaboi tu. Programu hii inajifunga yenyewe. Ingekuwa inajifunga ovyo ningeivumilia. Vitu vinavyojizima ovyo hapa Dar es Salaam ni vingi na tunaishi navyo. Hii inachagua pa kujifungia. Nilikuwa nasoma riwaya ya upelelezi ya Kiingereza, ya zamani kiasi kwamba haki zake zimekwisha muda na yeyote anaweza kuigawa, ambayo mpwa wangu aliniletea kwenye flashi. Tajiri mmoja kakutwa amekufa chumbani, mlango umefungwa kwa ndani, ufunguo hauonekani. Sura sita nzima watu wanahojiwa. Mwisho wa sura ya sita mtumishi wa ndani, mama mtu mzima ambaye tangu mwanzo hajatia neno, anasimama na kusema yuko tayari kueleza alichokiona usiku ule. Nikabonyeza mshale wa kwenda mbele.

Kishale kikageuka kile kiduara cha bluu kinachozunguka. Kikazunguka. Feni ya ndani ya laptopu ikaanza kuvuma. Windows huipa programu sekunde 5 hivi ijibu inapoitwa. Zikipita bila jibu, inaitangaza mbele za watu. Basi zikapita. Ukurasa wangu ukaingia ukungu mweupe, na pale juu, ubavuni mwa jina la kitabu, pakaandikwa kwamba programu haijibu. Kisha dirisha lote likatoweka, nikabaki natazamana na mjukuu wangu, ambaye picha yake ndiyo niliyoiweka kwenye skrini. Alikuwa anacheka.

Likaja tangazo: programu imeacha kufanya kazi, Windows inatafuta ufumbuzi wa tatizo. Nimekaa na Windows miaka mingi na sijakutana na binadamu ambaye Windows ilimtafutia ufumbuzi ikaupata. Sijui huwa inautafutia wapi. Inatoka, inazunguka, inarudi mikono mitupu, na kitufe pekee inachokuachia ni cha kufunga.

Ukitaka kujua una jamaa wangapi wataalamu wa kompyuta, taja hadharani kwamba yako inasumbua. Jirani yangu, ambaye anauza saruji na nondo, alisema zima uwashe. Nikazima, nikawasha. Akasema siyo hivyo, chomoa pale ukutani uhesabu mpaka kumi. Nikamwambia hii ina betri. Akasema basi toa betri. Nikamwambia za siku hizi betri imefungiwa ndani kwa skrubu. "Ndiyo maana zinasumbua," akasema, akaondoka ameridhika. Shemeji yangu alisema virusi. Kwake yeye hata mlango ukigoma kufunga ni virusi. Mpwa wangu, mwenye flashi, alikuwa na swali moja tu kwenye simu.

"Mjomba, umeiapdeti?"

Nikaiapdeti. Bando la wiki likaisha siku hiyohiyo. Maelezo ya toleo jipya yalisema wamerekebisha hitilafu ndogondogo na kuboresha uthabiti, na sina budi kukiri kwamba uthabiti umeboreshwa kweli: zamani programu ilisitasita kidogo kabla ya kujifunga, sasa inajifunga bila kigugumizi.

Mke wangu, aliyekuwa akipepeta mchele na kusikiliza yote, akauliza, "Baba, kwani hicho kitabu ni lazima?" Swali hilo huulizwa na mtu ambaye hajawahi kuachwa kwenye mlango wa chumba chenye maiti.

Mwingine akanishauri ninunue vitabu "halali" kwenye maduka makubwa ya mtandaoni, eti hayo hayana shida. Hana habari huyu. Microsoft walikuwa na duka la vitabu. Mwaka 2019 wakalifunga, na vitabu ambavyo watu walikuwa wamekwisha kuvilipia vikaacha kufunguka. Fedha walirudisha, tusiwasingizie, lakini aliyekuwa katikati ya sura alirudishiwa fedha ya sura ambayo hataimaliza. Miaka kumi kabla ya hapo, 2009, Amazon waligundua kwamba aliyeweka dukani mwao nakala fulani za George Orwell hakuwa na haki ya kuziuza, wakazifuta kwa mbali kutoka kwenye Kindle za wateja. Kimojawapo cha vitabu vilivyofutwa kilikuwa kile cha 1984, kinachosimulia serikali inayofuta maandishi isiyoyapenda. Hilo nisingeweza kulitunga. Mchwa angalau waliniachia majalada.

Nikapeleka laptopu Kariakoo. Fundi alikuwa kijana mwenye bisibisi nyuma ya sikio, amezungukwa na mashine zilizofunuliwa matumbo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana wangu, programu ya kusomea vitabu inajifunga nikifika sura ya saba."

Hakuuliza kitabu gani. Hakuuliza sura ya sita ilikwendaje. Aligeuza laptopu chini juu, akaigonga kwa kidole mara mbili, akaisikiliza.

"Mzee, hii ni ya kupiga windows tu."

"Lakini mengine yote yanafanya kazi."

"Ndivyo huwa inaanza."

Kupiga windows, kwa ninyi ambao hamjapata fundi, ni kufuta kila kilichomo na kuipandisha Windows upya. Ni shilingi 20,000, na picha zako za harusi utaambiwa zipo, zimewekwa "sehemu". Sijawahi kusikia ugonjwa wa kompyuta ambao dawa yake pale si hiyo. Kioo kimepasuka, tupige windows. Nimeitafakari sana dawa hii na nadhani nimeielewa: fundi aliyepiga windows hawezi kulaumiwa kwa utambuzi mbaya, kwa kuwa baada ya hapo hakuna tena ushahidi. Nikamshukuru, nikachukua mgonjwa wangu, nikapanda daladala.

Nyumbani nikaiondoa programu yote, nikaiweka upya kutoka mwanzo. Ikafunguka kwa mbwembwe, ikanikaribisha, ikaniuliza nachagua lugha gani. Kisha, kabla sijagusa kitu, ikakifungua kile kitabu, ikaenda yenyewe mpaka sura ya saba, ikaganda, ikafa. Ilikuwa kama mlevi aliyeokotwa mtaroni, akaogeshwa, akavishwa kanzu safi, naye akaaga vizuri na kwenda kulala mtaroni palepale.

Hapo ndipo nilipoanza kumfahamu adui. Programu hizi huandika mahali ulipoishia kusoma ili kesho uukute ukurasa wako. Ni wema. Lakini wema huo huandikwa pembeni, kwenye folda iitwayo AppData, ambayo Windows huificha ili watu wa rika langu wasiitie mkono. Ukiiondoa programu, mara nyingi ile folda inabaki, eti kwa kuheshimu kumbukumbu zako. Kwa hiyo programu mpya inaingia nyumbani, inasoma daftari la marehemu aliyeitangulia, inaona bwana huyu aliishia sura ya saba, na inanipeleka sura ya saba. Wakati huohuo kila ikisasishwa inasahau kwamba nataka herufi kubwa. Inasahau kwamba sitaki kutangaziwa vitabu vya kupunguza kitambi. Mahali pa kufia tu ndipo haipasahau.

Kuifikia folda hiyo unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, unaandika %appdata%, na alama za asilimia ziwepo pande zote mbili kama zilivyo hapa. Folda ya programu yangu nikaibadilisha jina. Sikuifuta, maana nimekaa na mafundi vya kutosha kujua kwamba unachokifuta asubuhi ndicho kitakachotakiwa jioni. Pengine programu yako inajificha kwenye folda ya jirani inayoitwa Local, na hapo utahangaika kidogo zaidi, mimi sikuhangaika. Nikaiwasha. Ikaamka haikumbuki chochote, mtoto mchanga. Nikafungua kitabu kingine, kikafunguka. Kingine tena, kikafunguka, nikakisoma mpaka katikati na hapakuwa na neno. Nikafungua kile cha tajiri wetu, nikaruka mpaka sura ya saba. Kiduara cha bluu.

Basi kumbe wote tulikuwa tunamhoji mtu asiye yeye. Jirani, shemeji, mpwa na fundi walikuwa wameshika laptopu na programu; kitabu chenyewe hakuna aliyekigeukia. Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, katika *Mzimu wa Watu wa Kale* ya mwaka 1960 angetia tumbaku kwenye kiko chake kwanza. Mimi nikaagiza chai ya tangawizi.

Kuna daftari ambalo Windows huandika kila msiba unaotokea ndani yake, na haimwambii mtu. Ukilitafuta utalipata, limejaa mistari myekundu ya makosa ambayo hukujua kama yapo. Nashauri wenye shinikizo la damu wasilifungue usiku. Vifo vya programu yangu vilikuwa vimeandikwa vyote, kila kimoja kwa namba ya tukio 1000 na namba ya kosa 0xc0000005. Nilipoifasiri hiyo namba kwa lugha ya watu, ikawa inasema programu ilijaribu kugusa sehemu ya kumbukumbu isiyo yake. Sawa. Sura moja ya maneno inaifanya programu iingie kwenye kumbukumbu za watu? Mama huyu wa sura ya saba anaeleza nini?

Nikatazama ukubwa wa faili, jambo ambalo lingemchukua fundi wa Kariakoo muda mfupi kuliko kuigonga laptopu. Riwaya ya maneno matupu ikiwa katika muundo wa EPUB ni nadra kufika megabaiti 1. Yangu ilikuwa na 90. Maneno hayana uzito huo, hata ya mgombea.

EPUB ni muundo uliokubaliwa rasmi mwaka 2007, na siri yake ni kwamba haina siri. Ni kifurushi cha zipu chenye kurasa za wavuti ndani, kila sura faili lake, na picha zake pembeni. Unatengeneza nakala, unabadilisha mwisho wa jina kutoka epub kuwa zip, unaifungua. Windows kwa kawaida yake huwa imeuficha huo mwisho wa jina pia, kwa hiyo kwanza unaubembeleza ujitokeze. Sijui nani aliwaambia hawa watu kwamba kila kitu chenye maana kifichwe.

Ndani nikakuta sura ya kwanza mpaka ya sita, maneno matupu, safi, kilobaiti chache kila moja. Sura ya saba ilikuwa na kichwa cha habari, na chini yake picha 16. Nikafungua ya kwanza. Ilikuwa ukurasa wa kitabu cha karatasi, umepigwa picha. Kwenye kona ya chini paonekana ncha ya kidole gumba cha mtu.

Yaani aliyekitengeneza kitabu hiki alichapa sura sita kwa uaminifu, alipofika ya saba mkono ukachoka, akachukua kamera. Sura ya nane, nimeiangalia, karudi kuchapa. Michael Hart, mwaka 1971 pale Chuo Kikuu cha Illinois, alikaa mbele ya mashine akaliandika Azimio la Uhuru la Marekani herufi kwa herufi, na hiyo ndiyo ikawa mbegu ya Project Gutenberg. Kwa miaka mingi ya mwanzo vitabu vile vilichapwa kwa mkono, vingi kwa mikono yake mwenyewe. Huyu wangu alishindwa kurasa 16. Nisingemlaumu sana, bure ni bure, lakini kamera aliyoichukua ilikuwa nzuri mno.

Kila picha ina pikseli 6,000 kwa 8,000. Ikiwa imelala kwenye diski imekunjwa na kubanwa, haina neno, megabaiti 5 hivi. Shida ni pale programu inapotaka kukuonyesha. Lazima ikunjuliwe yote, na kila pikseli hula baiti 4 za kumbukumbu. Chukua kalamu: 6,000 mara 8,000 mara 4 ni baiti milioni 192. Ukurasa mmoja! Zidisha kwa 16, unapita bilioni 3. Na programu yangu ni ya mtindo wa zamani wa biti 32, ambayo kwa kawaida Windows haiipi zaidi ya gigabaiti 2, hata laptopu iwe imejazwa RAM mpaka inamwagika. Ilikuwa inakunjua picha ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote kwa mpigo kwa kuwa zimo katika sura moja, na ikikaribia ya kumi na moja inaomba nafasi inaambiwa hakuna. Programu iliyolelewa vizuri ingesema samahani bwana, sura hii imenishinda. Hii haikusubiri hata kusikia jibu. Ilidhani imepewa, ikaenda kuandika mahali ambapo hapakuwa na kitu. Ndiyo ile 0xc0000005. Na kwa mahesabu haya, ningepiga windows, ningenunua laptopu nyingine, ningehamia Dodoma, ingekufa palepale.

Matengenezo yenyewe hayana hadithi. Nilipunguza picha moja moja kwa Paint mpaka pikseli 1,200 kwa 1,600, ambazo zikikunjuliwa ni baiti milioni 7.68 tu, halafu nikazirudisha kitabuni kwa calibre, programu ya bure ambayo Kovid Goyal alianza kuiandika mwaka 2006 na ambayo inakuruhusu kukifungua kitabu na kukitengeneza ndani kwa ndani. Usijaribu kukifunga tena kwa zipu ya kawaida, EPUB ina masharti yake ya kipi kitangulie kwenye kifurushi na programu nyingine zitakikataa. Mke wangu alipita akaniona nimeinama juu ya picha ya kidole gumba.

"Bado unasoma?"

"Bado sijaanza."

Mpwa wangu nikampigia kumweleza. Nikamweleza pikseli, biti 32, kila kitu, akasikiliza kwa adabu.

"Sasa mjomba, si ungeiruka tu hiyo sura?"

Vijana wa siku hizi huruka. Utangulizi wanaruka, matangazo wanaruka, hata salamu. Nikamwambia mama mtu mzima amekaa kimya sura sita, sasa amefungua mdomo, na wewe unataka nimpite?

Usiku ule umeme ulikuwepo. Programu ilifunguka, kitabu kikafunguka, sura ya saba ikafunguka bila hata kiduara cha bluu. Nikabonyeza kitufe changu cha kukuza herufi, hazikukua, kwa kuwa picha haina herufi, ina picha za herufi tu. Nikavaa miwani, na juu yake nikashika ile lenzi ya kusomea chupa za dawa.

Mama anaomba maji kwanza. Analetewa. Anaeleza alivyofika kwenye nyumba ile akiwa msichana, na mishahara ilivyokuwa. Anaeleza magoti yake. Ukurasa wa tisa mpelelezi anamkumbusha usiku wa tukio, naye anasema anakuja huko huko, asiharakishwe. Alisikia kishindo. Alishuka ngazi na mshumaa. Alifungua mlango wa jikoni, na hapo, ukurasa wa kumi na tatu, akamwona kwa macho yake mwenyewe paka wa jirani, na kurasa tatu zilizobaki anatumia kumweleza huyo paka, kuanzia mkia.